Mbio za Maziwa ya Asubuhi

Ifahamike kwa wote waishio katika boma la Elmina, wakiwemo watu, ng'ombe wawili, ndama mmoja na paka asiye na jina, kwamba jioni moja ya likizo ya Desemba, mwaka wa 1995, Kipkirui alisimama katikati ya jiko, akaweka mkono kifuani kama anayeimba wimbo wa taifa, akatangaza kuwa kuanzia kesho yake yeye mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu, angekuwa akipeleka maziwa ya asubuhi kwenye hoteli ya Mama Jerusa.

"Nimefikiria sana," alisema. "Mama umechoka. Cheptoo naye amechoka. Mimi ni mwanaume, nimesoma, nina nguvu. Wakati umefika kijana wa nyumba hii abebe mzigo wake."

Cheptoo, dada yake mkubwa, alikuwa akipuliza moto. Akainua uso wenye jivu.

"Umeiba nini?"

"Sijaiba kitu."

"Basi umevunja nini?"

Elmina, mama yao, alimsogelea mwanawe, akamwekea kiganja shingoni kuona kama ana homa.

Kesho yake, katika alfajiri ya kwanza ya utumishi huo mtukufu, kijana wa nyumba hii alivutwa mguu na dada yake mpaka akafika sakafuni, blanketi likabaki peke yake kitandani.

Sasa tuseme ukweli. Alikuwa amemaliza kidato cha pili katika shule ya bweni upande wa Machakos, na huko Machakos watu walikuwa na imani moja tu kuhusu Kericho: kwamba mtoto wa huko huzaliwa anakimbia, na mkunga ndiye wa kumfukuza. Siku yake ya kwanza shuleni, kapteni wa bweni aitwaye Omwenga alimuuliza anatoka wapi. Kipkirui akajibu, "Kimulot, Kericho huko." Macho ya Omwenga yakawaka.

"Mkimbiaji!"

Hapo ndipo Kipkirui angesema hapana, mambo yaishe. Badala yake aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, akasema hapendi kujisifu. Kufikia Jumapili, bweni zima lilijua kwamba alikuwa akienda shule ya msingi mbio, miguu mitupu, kando ya msitu wa Mau, na kwamba aliwahi kumwacha mbwa wa polisi. Kwa miaka miwili alijificha nyuma ya goti lililofungwa bendeji. Goti hilo liliugua kila msimu wa mbio na kupona kila msimu wa disko. Lakini usiku wa kufunga shule, Omwenga alikuja akaketi kwenye kitanda chake.

"Kip, goti limepumzika vya kutosha. Jumamosi ya kwanza tukifungua ni krosikantri ya mabweni. Wewe ndio namba moja yetu. Ukituangusha, utaitwa Konokono mpaka umalize fomu foo."

Kipkirui hakuwa amekimbia maishani isipokuwa alipoitwa kula. Mkimbiaji wa nyumba yao alikuwa Cheptoo, aliyewahi kuiwakilisha wilaya katika mbio akazawadiwa sahani kubwa ya bati, ambayo mpaka leo ndiyo ya kupakulia ugali. Cheptoo angejua shida hii, angecheka mpaka Pasaka, halafu angewasimulia wasichana wote wa kanisani. Kwa hiyo Kipkirui alihitaji vitu viwili kabla ya Januari: miguu, na siri.

Lakini Kimulot si mahali pa kukimbia kwa siri. Mwanariadha wa kweli akipita alfajiri na kaptura yake, watu humjua na kumwacha. Mtu mwingine yeyote akionekana anakimbia mikono mitupu kabla ya jua, basi ameleta habari mbaya, na habari mbaya haikimbiwi na mtu mmoja. Kipkirui alikuwa amejaribu. Siku ya pili ya likizo alitoka mbio kimyakimya, na hata hajapita ua wa Mzee Johana, mzee akatupa panga.

"Nani amekufa?"

"Hakuna mtu, mzee!"

"Basi ni ng'ombe wa nani?"

Na Mzee Johana akaanza kukimbia nyuma yake. Akatokea kijana na rungu, akajiunga. Mama mmoja aliyekuwa ameanza kuchuma chai akafungua nailoni aliyojifunga kiunoni kuzuia umande, akaweka kikapu chini, akaja pia akiuliza ni boma gani. Kipkirui alipogeuka nyuma na kuona kikosi, akasimama, akasema alikuwa akiwahi chooni.

"Choo chenu si kiko nyumbani?" akauliza Mzee Johana akihema.

Ni hapo alipopata wazo la maziwa. Mtu anayekimbia na mtungi wa maziwa haulizwi kitu. Maziwa hayangoji, hilo kila mtu analijua. Watu humpisha njia, wengine humbariki.

Njia ya kwenda kwa Mama Jerusa ilishuka bondeni, ikavuka mto kwa daraja la magogo, ikapanda katikati ya mashamba ya chai mpaka lango la kiwanda. Asubuhi ya kwanza Kipkirui alikimbia mpaka darajani, yaani mteremko mtupu, ambao hata ndoo ingeuteremka. Kilima kilipoanza, roho yake ikaomba ruhusa ya kuondoka. Alipanda akitembea, mkono mmoja ubavuni, akivuta pumzi kama pampu ya baiskeli iliyotoboka. Akina mama wachuma chai walimwangalia kwa huruma.

"Angalia mtoto wa Elmina," mmoja alisema. "Shule imemmaliza."

Asubuhi ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu sasa mapaja pia yalikuwa na maoni. Asubuhi iliyofuata mvua ilinyesha, akaomba moyoni ng'ombe wagome. Ng'ombe hawakugoma. Kila alfajiri mkono wa Cheptoo ulishika mguu wake na kuuvuta, na kila alfajiri Kipkirui aliwalaani watu wa Machakos mmoja mmoja kwa majina.

Kisha siku moja aliamka kabla ya mkono kufika. Alilala macho wazi gizani, amejikasirikia sana, akisikiliza mama yake akikamua: chwiri, chwiri, chwiri. Cheptoo alipoingia, alimkuta ameketi kitandani amevaa tayari.

"Wewe ni mgonjwa kweli," Cheptoo alisema, na akarudi kulala.

Mtu asidhani Kipkirui alifurahi. Alijiambia hii ni vita, na askari hafurahii vita. Hata hivyo, mambo fulani yalianza kumtokea bila idhini yake. Umande ulilowesha suruali yake magotini, na haukumkera. Mbega walikuwa wakinguruma huko Mau kabla ya mapambazuko, mmoja akianza na wengine wakiitikia kilima kwa kilima, na alijikuta akiwangoja kabla ya kufungua mlango. Karibu na kiwanda, harufu ya chai inayokaushwa ilimpokea njiani, ya joto, tamu kidogo, na mapafu yake yaliinywa kama kikombe cha kwanza. Mtungi mkononi ulipiga chakacha, chakacha, na miguu ikajifunza kufuata mdundo huo. Kilima kilichokuwa kikimuua kikaanza kumjeruhi tu, kisha kikabaki kumkemea.

"Siku hizi unaimba ukienda kulala," Elmina alimwambia jioni moja.

"Ni nyimbo za shule, mama. Tunatakiwa tufanye mazoezi."

Neno hilo la mwisho lilimtoka kabla hajalikamata. Lakini Elmina alikuwa akihesabu mishono ya sweta, hakuinua kichwa.

Mtu mwingine aliyefurahia utumishi wa Kipkirui alikuwa Mama Jerusa mwenyewe. Alitoka upande wa Ziwa, na hoteli yake ya mabati pale langoni ndiyo iliyowalisha wafanyakazi waliotoka zamu ya usiku. Asubuhi za kwanza alimpokea Kipkirui kama alivyompokea Cheptoo, kwa adabu na haraka. Baadaye akaanza kumpokea kama mgeni wa harusi.

"Nyathina, mwanangu! Umefika!"

Alichukua mtungi, akamimina maziwa kwenye sufuria kupitia kichungi. Kipkirui kwa kawaida alibaki mlangoni, ameinama, mikono magotini, akitafuta pumzi zake. Alichoona ni mgongo wa Mama Jerusa tu. Mgongo huo ulisimama kimya kidogo, kisha kijiko kikasikika kikikwangua kichungi, kisha mfuniko wa mkebe ukafungwa. Kisha Mama Jerusa akageuka na mandazi mawili ya bure.

"Kesho uje hivyohivyo, nyathina. Usibadilishe kitu chochote."

Chapati za Mama Jerusa zilianza kuvuma mpaka Kimulot senta. Zilikuwa laini, za manjano, zenye harufu ya samli kama za harusi. Kipkirui alipoona foleni imefika nje ya mlango, aliamini moyoni kwamba hoteli imestawi kwa sababu maziwa sasa yanafika mapema. Akajipongeza kwa kula andazi la tatu.

Lakini foleni hiyo ilikuwa na mtu aitwaye Ojwang, fundi wa boila pale kiwandani, ambaye baada ya usiku mzima wa joto hakuwa na furaha nyingine duniani ila kikombe cha chai nzito. Asubuhi moja aliinua kikombe mbele ya taa, akakizungusha.

"Mama Jerusa," akasema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la mazishi, "chapati zako zimeokoka, lakini chai yako imebatizwa. Naona mpaka jina la kiwanda kilichotengeneza kikombe."

Watu wakacheka. Mwingine akainua chake. Mwingine akasema, "Ni kweli, siku hizi ni maji." Na kwa kuwa kila mtu alijua maziwa yanatoka kwa nani, maneno yalivuka mto kabla ya saa nne.

Jumapili baada ya kanisa, Mama Jerusa alikuja mwenyewe, amejifunga leso safi, akaketi ukingoni mwa kiti. Elmina akamwekea chai. Mama Jerusa akaitazama chai hiyo: nene, ya rangi ya udongo mzuri, imeshika ngozi juu. Akameza mate.

"Mama Cheptoo, sikuja kwa ubaya."

"Sema tu, Mama Jerusa."

"Wateja wangu wanasema maziwa imekuwa nyepesi."

Ieleweke kwamba kwa watu wa Elmina, kutia maji katika maziwa si ujanja wa biashara. Ni maziwa hayohayo ambayo wazee hunyunyizia maharusi wakiwabariki. Mwanamke anayeyatia maji huonekana amewatemea mate wote walioyanywa. Elmina aliweka kikombe chini polepole.

"Katika nyumba yangu?"

"Mimi sijasema ni wewe. Wateja ndio wanasema."

"Kesho," Elmina akasema, "maziwa nitaleta mwenyewe. Nitamimina mbele yako, na huyo anayesema awe hapo na kikombe chake."

Kipkirui, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, alishangaa kama wengine. Dhamiri yake ilikuwa na madoa mengi, lakini hili halikuwemo. Akajiambia hata vizuri, kesho atalala mpaka jua liingie dirishani, kama binadamu.

Jumatatu, giza bado nene, macho yake yakafunguka yenyewe. Alisikia chwiri, chwiri. Alisikia mama yake na Cheptoo wakitoka na mtungi. Akageukia ukuta. Akafunika kichwa. Miguu haikukubali. Ilikuwa inakunjuka chini ya blanketi kama mbwa anayeota. Kisha mbega wakaanza kule Mau, na Kipkirui akajikuta amesimama katikati ya chumba, anavaa, amejawa na haya, maana hakuna mtu aliyemtuma.

Tatizo likawa lilelile. Akitoka mikono mitupu, Mzee Johana yuko macho. Akatazama huku na huku, akaona mtungi wa pili nyuma ya mlango. Akaujaza maji ya tangi mpaka nusu, kipimo alichozoea mkono wake. Akatoka mbio, na Mzee Johana akamwinulia panga kwa heshima: "Wahi, kijana, wahi!" Ili asikutane na mama yake, alipita njia ya juu, inayozunguka mashamba na kutokea upande wa pili wa kiwanda. Akakimbia kama hajawahi kukimbia. Baridi ilimuuma masikio. Alikuwa akitabasamu peke yake.

Huko hotelini, wakati huo, Elmina alikuwa amemimina maziwa mbele ya Mama Jerusa na mbele ya Ojwang. Yakatoka mazito, meupe, na chai ilipoiva Ojwang alifumba macho, akanywa.

"Hii ndiyo ya zamani," akasema mwishowe.

"Basi maziwa yangu hayana neno yakitoka nyumbani," Elmina akasema. "Ni njiani ndio yanapata maji. Na njiani alikuwa—"

Hakumaliza. Wakati huohuo, kwenye kona ya kiwanda, alitokea Kipkirui, anakuja mbio, mtungi mkononi.

Alijaribu kugeuka. Mguu mmoja ukakataa shauri hilo, akateleza, akasimama mbele ya mama yake kama aliyeitwa. Elmina alichukua mtungi, akafungua mfuniko, akamimina kidogo kwenye kiganja. Maji yakapita katikati ya vidole vyake.

"Uui!" Mama Jerusa akashika mdomo.

"Tumempata mbatizaji," Ojwang akasema.

"Mama, hapana. Si hivyo."

"Ni vipi?" Sauti ya Elmina ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo sauti yake mbaya. "Umetoka nyumbani na maji. Unakimbilia kwenye maziwa yangu na maji. Niambie ni vipi."

"Ni maji ya... ya kuosha mtungi."

"Kutoka Kimulot mpaka hapa unabeba maji ya kuosha mtungi?"

Kipkirui akafikiria haraka. Akafikiria uongo wa pili, akauona hautoshi; wa tatu, ulikuwa na goti ndani yake. Akatazama uso wa mama yake. Wafanyakazi walikuwa wameacha kutafuna. Cheptoo alikuwa amesimama kando, akiangalia kifua cha nduguye jinsi kinavyopanda na kushuka, polepole, sawasawa, si kama cha mtu aliyetoka mbio kilima kizima.

"Mama," Cheptoo akasema, "huyu hajaweka maji kwa maziwa. Huyu anafanya mazoezi."

Na alipolisikia jina la kosa lake, Kipkirui akaachilia yote. Alisimulia Omwenga, mbwa wa polisi, goti la msimu, Konokono. Alisema yeye hajui kukimbia, hajawahi kujua, na kwamba leo hakutumwa na mtu ila ameshindwa kulala. "Nilibeba maji ili Mzee Johana asiniulize nani amekufa," akamaliza.

Cheptoo akaanza kucheka. Alicheka vilevile alivyoogopa Kipkirui, akashika ukuta wa mabati, akafuta machozi. Ajabu ni kwamba haikuuma sana.

Elmina hakucheka. Alikuwa akifikiri.

"Na siku zile nyingine, ulikuwa unakimbia na maziwa yangu? Ya jioni yaliyolala, yamechanganywa na ya asubuhi? Mtungi nusu?"

"Ndio, mama."

"Njia yote?"

"Karibu yote."

Mwanamke ambaye amesukasuka maziwa kwenye kibuyu tangu akiwa msichana hahitaji kufundishwa kinachotokea humo. Elmina akageuka taratibu.

"Mama Jerusa. Siagi yangu iko wapi?"

Mama Jerusa akatazama dari, akatazama jiko, akatazama sufuria ya chapati kana kwamba ingemtetea.

"Mama Cheptoo, mimi nilifikiri ni baraka tu," akasema kwa sauti ndogo. "Nilisema, labda ng'ombe wa huyu mama ameanza kuitoa tayari. Kwani nani huuliza siagi?" Akatoa mkebe chini ya meza. Ulikuwa umejaa samli ya manjano mpaka juu.

Ojwang ndiye aliyeanza, kisha hoteli nzima ikaangua kicheko, na Elmina akajaribu kubaki amekasirika lakini mabega yakamsaliti. Mama Jerusa akapakua chapati kwa kila mtu, akamkabidhi Elmina mkebe kwa mikono miwili. Mambo yakaisha hapo, kama yanavyoisha kati ya watu watakaohitajiana kesho.

"Kuanzia kesho utakimbia na mimi," Cheptoo akamwambia nduguye, mdomo umejaa. "Bila mtungi. Mzee Johana nitamweleza. Nataka kujua tu mahali pa kuanzia. Kutoka nyumbani mpaka hapa, unasimama mara ngapi?"

Kipkirui akanyoosha mgongo. Heshima kidogo ilikuwa inamrudia.

"Sisimami."

"Hata kidogo?"

"Labda tu nikifunga kamba za viatu."

Cheptoo akatazama chini. Elmina akatazama chini. Ojwang akainuka na kikombe chake ili naye aone. Miguuni Kipkirui alikuwa amevaa gambuti za baba yake, nyeusi, ndefu mpaka chini ya goti, laini kama chupa.

Kipkirui naye akatazama chini.

"Nasimama," akasema Kipkirui. "Kila siku, pale darajani. Nakaa kabisa, naweka miguu kwenye maji. Juzi nililala."